Mbona nimelipia picha halafu naambiwa nirudi nyumbani?

Wiki iliyopita baba mmoja alituandikia ujumbe mrefu wenye hasira. Mwanawe wa mwaka mmoja na miezi minane alimeza sarafu, akamleta mbio kwenye kituo chetu cha eksirei, tukampiga picha mbili, daktari akazisoma na kusema, "Imeshafika tumboni. Mpeleke nyumbani, itatoka yenyewe." Ujumbe uliishia hivi: "Kwa hiyo nimelipa ili nisubiri choo?"

Ndiyo, baba. Umelipa ili ujue kuwa kusubiri hakutamdhuru. Malalamiko haya hayaishi hapa kituoni, na kila mara tunayajibu kwa unyonge dirishani huku foleni ikisubiri. Leo nayajibu kwa kirefu.

Kwanza, jambo ambalo halihusu biashara yetu hata kidogo. Mtoto akipaliwa hivi kwamba hawezi kulia wala kukohoa, au anabadilika rangi, picha haina kazi. Mlaze kifudifudi juu ya paja, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Haikutoka, aliye chini ya mwaka mmoja mgeuze chali umbonyeze katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5. Aliyezidi mwaka mkumbatie kwa nyuma, ukandamize juu ya kitovu kuelekea juu mara 5. Rudia hivyo hivyo huku mwenzako akiita msaada. Akizimia, anza kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua. Lakini akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, hakuna kipigo kinachoshinda kikohozi chake. Na usitumbukize kidole kinywani kutafuta usichokiona. Tumewahi kuletewa mtoto ambaye shanga ilikuwa kwenye ulimi, kidole cha shangazi ndicho kilichoisukuma hadi kooni.

Sasa turudi kwa sarafu. Umio wa mtoto, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, una sehemu tatu nyembamba: pale juu unapoanzia, pale unapopita kando ya mshipa mkuu wa moyo, na pale unapoingia tumboni. Kitu kikikwama, mara nyingi hukwama pale juu. Kikivuka zote tatu, kwa kawaida hupita chenyewe. Katika watoto 100 waliomeza kitu, 80 hadi 90 hawahitaji kuguswa na mtu. Kitu hutoka ndani ya siku 4 hadi 6, mara nyingine wiki kadhaa. Ugumu ni kwamba mwenye sarafu tumboni na mwenye sarafu kwenye umio wanaweza kukaa benchi moja hapa mapokezi, wote wanacheza na wote wanacheka. Kwa macho huwatofautishi. Wa kwanza anarudi nyumbani. Wa pili anapelekwa hospitali, na sarafu isiposhuka yenyewe itolewe kabla saa 24 hazijapita.

Wengine husema, "Basi nipigie moja tu, ya kifua, nipunguze gharama." Hapa ndipo tunapogombana zaidi, na hapa sitanii. Sisi tunapiga ya mbele na ya ubavu, na ya mbele inaanzia puani hadi makalioni. Kifua peke yake kikionekana safi, umejua nini? Kitu kinaweza kuwa juu ya taya au chini ya mbavu. Na ile ya ubavu, ambayo watu huiona ni njia ya kuwaongezea bili, ndiyo iliyonifanya niache kubembelezana na mtu.

Mama mmoja alikuja na picha moja iliyopigwa kwingine, imeandikwa "sarafu". Alitaka tu kujua kama imeshuka. Mtoto alikuwa anatoa udenda na kukataa titi. Tulipompiga ya ubavu, kingo ya kile kitu ilikuwa na ngazi, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Nikarudi kwenye ya mbele, nikakuta duara ndani ya duara. Sarafu haina ngazi wala haina duara mbili. Ile ilikuwa betri ya rimoti. Sikumaliza hata kuandika ripoti. Tuliwapigia simu hospitali, mama na mtoto wakiwa bado wanavaa viatu.

Betri bapa ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Ile kubwa inayokaa kwenye mizani, rimoti na ufunguo wa gari imeandikwa CR2032: 20 ni upana wake kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Ina volti 3 na inaenea barabara kwenye umio wa mtoto mdogo. Watu hudhani hatari ni kuvuja. Hata isipovuja, ikigusa nyama yenye majimaji pande zote mbili umeme hupita, na upande wa hasi hutengeneza kemikali ile ile ya soda kali ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa 2 jeraha baya linaweza kuwa limeshaanza. Na usiseme "ilikuwa imekwisha". Betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina nguvu ya kutosha kuunguza. Hata ikitolewa, jeraha linaweza kuendelea kuchimba kwa siku nyingi, na damu ikaja baadaye wakati kila mtu amesahau. Marekani walipitisha sheria mwaka 2022, na kanuni zake zinataka kifuniko cha betri hizi kisifunguke bila kifaa au bila kufanya vitendo viwili kwa pamoja. Wewe kagua chako leo. Kikiwa kimeshikiliwa na selotepu, kifaa chote kitoke nyumbani.

Kwa hiyo ukishuku betri, usije kwetu. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye kamera ya umio na daktari wa nusukaputi. Wana eksirei yao. Tutampoteza mteja, sawa. Kama mtoto amezidi mwaka mmoja, anameza vizuri, na betri ameimeza ndani ya saa 12 zilizopita, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Utafiti uliofanywa kwa nguruwe mwaka 2018 ulionyesha asali hupunguza ukali wa jeraha. Haiondoi betri, na usipoteze dakika moja kuitafuta dukani. Chini ya mwaka mmoja, asali hapana.

Sumaku nayo ina ujanja wake. Moja hupita mara nyingi. Mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, hutafutana kutoka mikunjo miwili ya utumbo, zikabana kuta katikati hadi zikatoboka. Ukija, tuambie kama zilikuwa ngapi kwenye boksi na zimebaki ngapi. Kwenye picha sumaku mbili zilizoshikana huonekana kama kimoja, ndiyo maana tunakuuliza mara tatu na wewe unakasirika.

Halafu kuna vitu ambavyo eksirei haivioni: plastiki, mti, miiba mingi ya samaki, na zile shanga laini zinazofura zikiingia maji. Hapa ndipo mtu hudhani amedhulumiwa kweli, maana amelipa na picha haina kitu. Hatufichi hili, huwa tunasema kabla ya kupiga. Picha safi haimaanishi tumbo tupu. Mtoto akitoa udenda, akikataa chakula, akitapika, akikoroma kwenye kifua, au tumbo likivimba, daktari asikilize dalili, asisikilize picha yangu.

Lakini gharama kubwa kuliko zote hutokana na njia ya mkato ya nyumbani. Kumtapisha mtoto: kitu kilichokuwa kinashuka kinarudi na kuingia njia ya hewa. Dawa ya kuharisha: haiharakishi chochote cha maana, unampunguzia mtoto maji tu. Na ile inayopendwa na mabibi, matonge makubwa ya chakula "yaisukume". Kijana mmoja alimlisha bintiye hadi akashiba, ndipo akamleta. Sarafu ilikuwa pale pale juu, na sasa chakula kimejaa nyuma yake. Daktari wa nusukaputi alimsubirisha kwa muda wa saa 6, maana mtu aliyeshiba akilazwa usingizi anaweza kutapika na kuvuta matapishi mapafuni. Alilipia kitanda usiku mzima. Kabla ya picha, asile wala asinywe kitu. Kama ni betri, ni ile asali tu.

Mkija kwetu, njooni na mwenza wa kitu kilichomezwa: sarafu ya aina ile ile, kifungo kingine cha shati lile lile, skrubu iliyobaki. Tunakilaza kando ya mtoto na kukipiga picha, tunalinganisha. Kumbukeni pia saa aliyomeza, hata kwa kukadiria. Mkiambiwa mrudi nyumbani, msirudi kesho kutwa kudai picha nyingine ya kujiridhisha. Angalieni choo. Wiki ikipita bila kitu kuonekana, daktari ataamua, na choo cheusi, damu, homa au maumivu ya tumbo msiyasubirishe.

Yule baba wa sarafu alituandikia tena siku ya tano, safari hii na picha yake mwenyewe, ambayo sikuomba na sitaieleza. Chini aliandika, "Imetoka." Nilimjibu ahsante, asituletee.