Barabara ya Kasenga ianze na mifereji

Bwana Mhariri,

Kila mwaka mvua zikishakolea, hapa Lubumbashi tunasoma na kusikia kwamba barabara ya Kasenga imekatika na watu wa Luapula wametengwa na mji. Naomba nafasi nieleze nilichokiona, maana Februari hii nimeipita kwa baiskeli, kutoka kwangu Katuba, hapa Lubumbashi, hadi Kasenga, zaidi ya kilomita 200, kisha nikaufuata mto Luapula kuelekea kaskazini hadi Kashobwe. Nilikuwa na shemeji yangu, yeye kabeba chumvi na sabuni za kuuza, mimi vipuri na pampu. Tulilowa karibu kila siku. Lakini tulipita, na hatukuwa peke yetu.

Waliokwama ni wenye kamio, yaani malori. Baada ya Kasomeno tulikuta kamio tatu zimezama mpaka ekseli, madereva wanapikia chini ya turubai. Pembeni, kwenye majani, kulikuwa na kinjia chembamba kilichokanyagwa na baiskeli: mihogo inakwenda, makala (makaa ya kupikia) yanakuja, mama mjamzito kakalishwa kwenye keria, mumewe anasukuma huku kaka mtu ameishika baiskeli kwa nyuma isiserereke. Bila hicho kinjia, vijiji vile vingekosa hata chumvi.

Mimi ni fundi wa baiskeli, kwa hiyo naomba niseme na hili. Matope mekundu ya huko huingia kati ya tairi na madigadi, yakashikamana hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Wenyeji hawahangaiki: madigadi hufunguliwa mapema na kufungwa kwenye keria kwa ukanda wa mpira, na kila mtu ana kijiti cha kukwangulia. Breki za vyuma rimu ikilowa hazishiki kitu, ndiyo maana utaona mtu anateremka na gunia mbili huku amekandamiza ndala kwenye tairi la nyuma. Cheni hupakwa mafuta machafu ya injini kila jioni. Hawa ni wasafirishaji kamili, wanajua kazi yao kuliko wanavyodhaniwa, na hakuna anayewauliza chochote barabara inapopangwa.

Na wangeulizwa, wangesema kwamba adui wa barabara ile si Luapula. Mto wenyewe hupanda polepole. Unatoka ziwa Bangweulu, upande wa Zambia, na yale mabwawa yake makubwa ya matete hunyonya mvua kama godoro na kuiachia kidogo kidogo, hata maji ya Luapula hufikia kimo chake mvua zikiwa zimeshakwisha. Kinachokata njia ni vijito vinavyoteremka kutoka mlima wa Kundelungu. Hivyo hujaa kwa saa moja na kupungua kwa saa chache. Kwenye kimoja tulitaka kuvuka maji yakiwa kiunoni, mzee mmoja aliyekuwa anaosha mihogo akatuita: "Batoto, muongoje. Hii mayi itashuka yenyewe." Tuliketi kwake, tukala bukari, yaani ugali, na matembele, na kabla ya jioni tulivuka maji yakiwa magotini, baiskeli begani.

Kingine ni maji yasiyo na pa kwenda. Barabara imekwanguliwa miaka mingi bila kuchimbiwa mifereji, sasa uso wake uko chini kuliko majani ya kandoni. Mvua ikinyesha, barabara yenyewe inageuka mto. Kamio moja inazama, wanachimba kuitoa, wanaacha shimo, shimo linakuwa bwawa, na kamio ya pili inazama palepale. Hapo hakuna kosa la mvua.

Sisemi madaraja makubwa hayana maana. Lile la Levy Mwanawasa juu ya Luapula kule Chembe, Zambia, lililofunguliwa 2008, liliwaondolea Wazambia kazi ya kungoja kivuko, na huu mpango wa barabara na daraja kutoka Kasomeno kuvuka Luapula kwenda Mwenda, Zambia, nauunga mkono kwa moyo wote. Ila kwenye vijito ambavyo watu wetu huvuka kila siku kuna magogo mawili, na mahali pengine gogo moja tu, lenye utelezi. Mabomba ya saruji ya kupitishia maji, mifereji pande zote mbili, na kidaraja cha mbao chenye upana wa kusukumia baiskeli yenye mzigo: hivyo vije kwanza, kabla ya greda.

Na jambo moja linaniuma zaidi. Kwenye bariyeri moja, kizuizi cha kutoza ushuru barabarani, ambayo sitaitaja, nilimwona mama akitozwa pesa kwa baiskeli yenye gunia moja la mihogo. Hakupewa karatasi yoyote. Ametembea kwenye matope ambayo hela ya bariyeri haikuyagusa, halafu analipa. Kwa nini? Baiskeli haijawahi kuchimba shimo barabarani.

Wazee wa Kasenga bado wanasimulia jinsi samaki waitwao mpumbu walivyokuwa wakipanda mto kwa wingi wakati kama huu wa mvua kwenda kutaga, na jinsi samaki wa mto ule walivyopakiwa kwenye kamio kuja kulisha wafanyakazi wa migodi huku kwetu. Mpumbu walivuliwa mpaka wakakaribia kwisha. Mji huu umekula kutoka Luapula tangu zamani za ukoloni, na bado unakula.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, safari nyingine mtakapoandika juu ya barabara hii, waulizeni wahusika mifereji mingapi imechimbwa na kwa nini baiskeli inalipishwa. Na kama mwandishi wenu atapenda kujionea, aje Katuba kabla ya Januari ijayo. Nitamtengenezea baiskeli yenye keria imara bila malipo, na shemeji yangu yuko tayari kumwongoza.

Fundi wa baiskeli,
Komini ya Katuba, Lubumbashi