Shangazi, kabla hujamjibu huyo kijana

Shangazi, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hadi pale ulipomaliza kuongea ukasahau kuzima. Mimi ni mzima, kazi inakwenda, sina la kulalamikia. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana uliyoniuliza ni mengi na kwenye simu tungeishia kusalimiana tu.

Lile kubwa nalijibu kwanza: huyo kijana aliyekuingiza kwenye kundi lake la kripto, hizi sarafu za mtandaoni, usimpe hata senti. Na hela za wenzako ulizopewa uzitunze, usiziguse kwa ajili yake.

Anasema pesa inazaa asilimia 2 kila siku. Chukua kikokotoo. Dola 100 zikizaa hivyo, na faida nayo ikizaa, mwaka ukiisha unakuta zaidi ya dola 137,000. Mwaka wa pili zinapita milioni 189. Wa tatu tunaongea mabilioni. Mwenye njia ya namna hiyo angekopa hizo dola 100 popote pale, akanyamaza zake. Asingehangaika kukutumia picha za magari usiku wa manane. Ni upatu ule ule, anayeingia leo ndiye anayemlipa aliyeingia juzi, ila safari hii umepakwa rangi ya kripto. BitConnect, mpango mwingine wa namna hii, ilikwenda hivyo hivyo mpaka ikaanguka Januari 2018. OneCoin nayo ndiyo ilikuwa kituko, maana watu walinunua sarafu ambayo haikuwepo kwenye daftari lolote la wazi la miamala. Ruja Ignatova, mmoja wa walioianzisha, alitoweka Oktoba 2017, na mwaka 2022 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikamtia kwenye orodha yake ya watu kumi wanaosakwa zaidi.

Unasema shoga yako aliyeweka pesa kwa huyo kijana alijaribu kutoa kidogo na ikatoka kweli. Naamini ilitoka. Wanaachia ndogo itoke ili kubwa iingie. Faida anayoiona ikipanda kwenye simu yake ni namba zilizoandikwa na mtu, kama vile mimi ninavyoandika hapa. Siku atakapotaka zote ataambiwa alipe kwanza kodi, au ada ya kufungua akaunti, tena kwa pesa mpya kutoka mfukoni. Mwambie awaulize kitu kimoja: kwa nini hiyo kodi isikatwe humo humo kwenye faida? Watakayomjibu hapo yatakuwa mengi na matamu, lakini jibu halitakuwemo.

Ukaniuliza pia kama kazi yangu huku ndiyo hiyo ya huyo kijana. Loh, Shangazi! Ofisi yetu ina programu ya pochi ya kripto, na mimi niko upande wa kujibu wateja waliokwama. Hiyo pochi, tofauti na jina lake, haina pesa ndani. Pesa zimeandikwa kwenye daftari moja la wazi ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na hakuna mwenye daftari. Pochi inatunza ufunguo wa kukuwezesha kuandika humo kwamba kiasi fulani kitoke kwako kiende kwa fulani. Na ufunguo wenyewe unaweza kuandikwa kwa maneno ya kawaida 12, au 24, yanayochaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048. Aliye na maneno hayo, kwa mpangilio wake, ndiye mwenye pesa. Awe wewe, awe mwizi, awe mtoto aliyeokota karatasi. Sisi ofisini hatunayo, na hatuna pa kuyatoa.

Asubuhi nikifungua kompyuta nakutana na hivi. Mmoja simu yake imetumbukia majini, lakini maneno anayo kwenye karatasi: anapakua programu kwenye simu nyingine, anayaandika, pesa zake hizi hapa. Huyo ananishukuru na mimi sijafanya kitu. Mwingine aliyapiga picha, picha ikahifadhiwa kwenye barua pepe, barua pepe ikadukuliwa, na pesa zikaondoka yeye akiwa amelala. Wa tatu alitafuta namba yetu ya msaada mtandaoni, akaangukia kwa watu wanaojifanya sisi, nao wakamwomba maneno yake ili "wathibitishe akaunti". Mama mmoja wa namna hiyo, nilipomweleza kwamba sisi hatuombi maneno hayo kamwe, alinijibu: lakini yule alikuwa mpole kuliko wewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba naweza kuwaonyesha pesa ilikokwenda. Daftari ni la wazi. Nafungua, nawaonyesha: ilitoka kwako saa tisa usiku, ikaingia anwani hii, ikagawanywa mara tatu, sehemu moja bado imekaa pale. Kiasi unakijua, anwani unaijua, unaiangalia kwa macho yako, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Hapa hakuna meneja wa kumlilia, hakuna dirisha la malalamiko.

Sasa jambo hilo hilo ndilo wapenzi wa kripto wanalolipenda, na si wajinga. Maelezo ya kwanza ya Bitcoin, sarafu maarufu kuliko zote za kripto, yalitolewa tarehe 31 Oktoba 2008 na mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, wakati mabenki makubwa yanaporomoka. Ukurasa wa kwanza wa daftari, wa tarehe 3 Januari 2009, umebeba kichwa cha habari cha gazeti la The Times kuhusu serikali ya Uingereza kukaribia kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Walitaka pesa isiyo na mkubwa wa kuichapisha anavyotaka wala kuizuia: bitcoin hazitazidi milioni 21, na zawadi ya wachimbaji, yaani wale ambao kompyuta zao huongeza kurasa kwenye daftari, hupungua nusu takriban kila miaka minne, kutoka 50 za mwanzo hadi 3.125 tangu Aprili 2024. Mtu ambaye akaunti yake ilifungwa kwa sababu za kisiasa, au ambaye akiba yake iliyeyushwa na mfumuko wa bei, akiniambia Bitcoin ilimwokoa, namsikiliza kwa heshima. Lakini pesa isiyozuilika kwa serikali haizuiliki kwa mwizi pia. Huwezi kuchukua upande mmoja ukaacha mwingine.

Wengi huku, hata hivyo, wanataka hivyo hasa. Wana msemo wao: funguo si zako, sarafu si zako. Wanauandika kila mahali, halafu sarafu zao wanaziacha kwenye masoko ya kubadilishia ambako funguo anazo mwenye soko. Mwaka 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo lilifunga milango likidai bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani; laki mbili zikapatikana baadaye, na wadai wakasubiri miaka kumi kuanza kulipwa sarafu. Novemba 2022 ikawa zamu ya soko la FTX, ambako pesa za wateja zilikuwa zikipelekwa kwenye kampuni dada ya biashara. Mwenyewe, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 Machi 2024. Utasikia kwamba wateja wa FTX walilipwa zote na ziada. Kwa dola, ndiyo, wengi wao. Ila madai yalihesabiwa kwa bei ya siku ya kufilisika, ambayo kwa bitcoin moja ilikuwa karibu dola 17,000. Desemba 2024 bitcoin hiyo hiyo ilivuka dola 100,000. Aliyekuwa nayo moja mle ndani, mwambie amelipwa zote uone atakavyokutazama.

Ukikaa nao utawapenda lakini, nisiwaseme vibaya tu. Tunakutana jioni moja moja, watu wa kila aina, wanafunzi, wahasibu, dereva mmoja wa lori anayejua programu kuliko mimi. Bei ya bitcoin ikipanda kila mtu ni mchumi. Ikishuka, kama ilivyotoka karibu dola 69,000 Novemba 2021 hadi chini ya 16,000 mwaka mmoja baadaye, wanabaki wale wanaopenda teknolojia yenyewe, na mazungumzo yanakuwa mazuri zaidi. Wanagombana pia. Ethereum, mtandao mwingine mkubwa wa kripto, ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, ikawapa kazi ya kuandika daftari wanaoweka sarafu zao dhamana, na kupunguza matumizi yake ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99, wa Bitcoin walisema sasa mwenye nacho ndiye atakayetawala daftari. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Mimi kinachonichekesha ni Januari 2024, Marekani iliporuhusu mifuko ya uwekezaji inayofuata bei ya Bitcoin moja kwa moja. Watu waliokuwa wakiwalaani mabwana wa fedha wa Wall Street kwa miaka kumi na tano walishangilia BlackRock, kampuni kubwa ya uwekezaji ya huko huko, ilipoingia kuwashikia sarafu.

Haya, lile la kukutumia matumizi kwa sarafu thabiti, hizi za USDT na USDC. Umeuliza vizuri. Zimefungwa kwenye dola, sarafu moja kwa dola moja, kwa sababu kampuni zilizozitoa zinatunza akiba nyuma yake, hasa dola na hati za deni za serikali ya Marekani. Kutuma ni dakika, hata siku ya sikukuu. Si zote zilizo hivyo: ile ya Terra ilishikiliwa na hesabu za ujanja kati yake na sarafu dada ya Luna, watu wakavutwa na riba ya karibu asilimia 20, na Mei 2022 mabilioni mengi ya dola yakayeyuka ndani ya siku chache. Asilimia 20 kwa mwaka, Shangazi, na ikaua. Huyo kijana wako anaahidi 2 kwa siku. Hata USDC, ambayo naiamini zaidi, iliteleza hadi kama senti 88 Machi 2023 kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa kwenye benki ya Silicon Valley iliyoanguka; ikarudi baada ya siku chache.

Lakini wasiwasi wangu uko kwenye kidole. Anwani ya pochi ni mfululizo wa herufi na namba usioshikika kichwani, kwa hiyo programu nyingi huonyesha mwanzo na mwisho tu, katikati zinaweka nukta. Wezi wanalijua hilo. Wanatengeneza anwani inayofanana na ya mtu unayemtumia mara kwa mara, mwanzo ule ule, mwisho ule ule, kisha wanakutumia kiasi cha sifuri ili anwani yao ikae kwenye orodha ya miamala yako. Siku ya siku unainakili kutoka kwenye orodha badala ya kumwomba mwenyewe, na umemtumia mwizi kwa mkono wako. Mimi hutuma kiasi kidogo kwanza, nasubiri anayepokea aniambie kimefika, ndipo natuma zilizobaki, tena nikisoma zile za katikati. Kisha upande wako utahitaji mtu wa kukubadilishia iwe pesa taslimu, na hapo ndipo ada na matapeli wanapokaa. Kwa hiyo nitaendelea kutuma kwa njia tuliyozoea. Ni ghali kidogo, lakini nikikosea namba kuna mtu wa kumpigia.

Binamu anataka kujifunza, mwache ajifunze. Aweke kiasi ambacho kikipotea hatakisemea, aandike maneno yake kwenye karatasi, si kwenye simu, halafu afute programu kabisa na kuirudisha kwa hiyo karatasi. Akikuta salio liko pale pale, aanze kusoma mengine. Akikuta neno moja alilikosea, amejua mapema.

Na shoga yako naomba umfikishie haya upesi. Kama ameshaweka kikubwa, asiongeze hata kidogo ili "kukomboa". Atafuatwa na mtu mwingine anayesema anaweza kumrudishia pesa zake kwa malipo madogo. Huyo ni wale wale, au kauziwa jina lake na wao. Asifute ujumbe wowote. Apige picha za skrini, akusanye anwani alizotuma na namba za miamala, aende polisi navyo. Nilisema hakuna kitufe cha kurudisha, na ni kweli, ila kama alituma USDT kampuni inayoitoa huweza kuzifungia zikiwa bado kwenye anwani ya mwizi, na kama zimefikia kwenye soko kubwa, soko nalo huweza kuzizuia polisi wakiliandikia. Hayo hufanyika mara chache na hutegemea haraka. Anitumie hizo anwani leo leo, nimwangalizie zimefika wapi ili akiandikisha taarifa awe na kitu mkononi. Maneno yake ya siri asinitumie, hata mimi.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao