Mwanangu, ieleze ganzi hiyo kabla ya kupima tena

Mwanangu mpendwa,

Nimesikia kwamba vipimo vimerudi safi na nyayo bado zinakufa ganzi. Nakuamini. Majibu safi yanamaanisha tu kwamba walichotafuta hawakukiona, kwa hiyo uliza walitafuta nini.

Kabla ya kurudi kwa daktari, andika ganzi ilianzia wapi, imepanda kwa kasi gani, ni upande mmoja au pande zote mbili. Daktari wa mishipa ya fahamu huanzia hapo. Ganzi inayoshika nyayo zote mbili sawasawa na kupanda polepole kama soksi hufikirisha kisukari, upungufu wa vitamini B12, pombe au VVU. Ikishika kidole gumba cha mkono, cha shahada na cha kati na kukuamsha usiku, mara nyingi ni mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ikikuzunguka kifuani au tumboni kama mkanda na miguu ikawa mizito, tatizo huenda liko kwenye uti wa mgongo, na kupima mishipa ya miguu hakutalionyesha. Hapo ni MRI ya mgongo, picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku.

Beba dawa zako zote na pakiti zake. Metformini ya kisukari ikitumiwa miaka hushusha B12. Isoniazidi ya kifua kikuu huvuruga B6, ndiyo maana hutolewa pamoja na piridoksini, yaani B6 yenyewe. Na nakusihi, usianze vidonge vya vitamini vya kutibu ganzi kabla damu haijatolewa: B12 iliyomo itapandisha kipimo na kuficha upungufu, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa yenyewe. Asidi ya foliki peke yake ni mtego mwingine, kwani damu hupona huku uti wa mgongo ukiendelea kuumia kwa kukosa B12.

Omba HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu (6.5% na zaidi ni kiwango cha kisukari), B12, picha kamili ya damu, figo, ini, tezi ya shingo, VVU na kaswende. B12 ikiwa mpakani, uliza kuhusu kipimo cha asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda B12 inapopungua mwilini. Kipimo cha umeme wa mishipa huona nyuzi nene tu. Nyuzi nyembamba za maumivu na joto zinaweza kuharibika nacho kisione kitu; hizo huchunguzwa kwa kipande kidogo cha ngozi.

Ipo pia hali ambayo mishipa ni mizima ila utendaji wa ubongo umevurugika. Huko si kujifanya. Huthibitishwa kwa ishara zake yenyewe, mfano mguu dhaifu kupata nguvu unapoinua ule mwingine, na mazoezi ya tiba husaidia. Asikuambie una hali hiyo mtu ambaye hajakupima kwa mikono yake.

Yapo yasiyongoja miadi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, huenda ni kiharusi: nenda hospitali saa hiyo hiyo na utaje mara ya mwisho ulipokuwa mzima, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu hapo. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni ndani ya siku chache, hasa baada ya kuhara au mafua, unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Ganzi ya sehemu za siri pamoja na mkojo kugoma ni dharura vilevile, hata kama ni usiku wa manane.

Nitumie orodha ukimaliza kuiandika, tuipitie pamoja.

Mzazi wako