Sapu tatu za kijana wangu na herufi zisizo na irabu

Mhariri, asalaam alaykum.

Mimi nauza mitumba hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kijana wangu anasoma sharia kwenye chuo kimoja cha Kiislamu, jina nabaki nalo, mwaka wa kwanza tu karudi likizo na sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Ndugu wakaanza, oh dogo simu imemuharibu. Nikamwambia lete madaftari tuone wote.

Kumbe bwana, huyu mtoto kahitimu msahafu kabla ya darasa la saba, Juzuu Amma anaishusha mpaka raha, ila msahafu una irabu zote, zile alama za fataha, kisiri, dhuma, zinakushika mkono. Vitabu vya Kiarabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, chuoni havina hata moja! Akaniandikia kafu, te, be, akaniuliza baba hii nini, nikajibu haraka haraka kataba. Akacheka. Akasema inaweza ikawa kataba, aliandika, au kutiba, iliandikwa, au kutub, vitabu, sasa mtu ambae nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, hajawahi kuigusa atajuaje? Na hilo ni neno moja, ukurasa mzima je. Afungue kamusi? Kamusi zao nyingi zimepangwa kwa mzizi wa neno, maktaba huikuti kwenye mimu unaikuta kwenye kafu, kwahiyo usipojua mzizi unapekua tu kurasa mpaka saa nane usiku na asubuhi lekchara kashafika mbali. Masomo mengine tena Kiingereza, haya.

Maustadhi wetu wa madrasa siwalaumu, wengi wanalipwa hela ya sabuni, na Julai ile baridi ya Uyole yupo na watoto mkekani. Sisi wazazi ndio tulikuwa tunafurahia sauti ya mtoto basi, hakuna aliyeuliza anaelewa nini, mimi mwenyewe sikuuliza.

Naomba vyuo, mwanafunzi akiripoti mpeni ukurasa usio na irabu asome, akikwama mpeni nahau kwanza hata semista moja ndo mumtwike fiqhi, kuliko kusubiri adisko, yaani aondolewe chuo kwa kufeli. Na madrasa zetu huku, hawa wakubwa waliohitimu wasiachwe waondoke, waanzishiwe nahau hata siku mbili kwa wiki.

Kijana kaondoka juzi kwenda kufanya sapu zake. Nimemtafutia kamusi ya mtumba, jalada limeng'oka, tumelishona na uzi wa viatu.

Mzazi, Mwanjelwa