Kinanda kilichokaa mahali pa marehemu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nijibu makala iliyotoka majuzi katika kurasa zenu za burudani, ambamo mwandishi alilalamika kwamba vinanda vya umeme na kompyuta vimewafukuza wapiga ala na kuuacha muziki bila roho. Malalamiko hayo nayaelewa, maana nimekulia katika taarab, na nakumbuka wazee walivyonung'unika miaka ya 1990 pale vikundi vya taarab ya kisasa, East African Melody kikiwa miongoni mwao, vilipokipa kinanda kazi iliyokuwa ya fidla na ganuni. Hata hivyo, naona mwandishi amekihukumu chombo badala ya kumhukumu anayekitumia, na ushahidi wangu nautoa mbali na kwetu, katika albamu iitwayo Ascension Codes ya kundi la Cynic la Marekani.

Cynic hupiga metali, lile tawi zito la roki lenye magitaa makali na dramu za kasi, ila kwa miaka mingi wameuchanganya uzito huo na jazi, na sauti za kielektroniki, na ule muziki wa saikedelia unaomfanya msikilizaji ajihisi anaelea. Kundi lilianzia Miami, katika jimbo la Florida, mwaka 1987, likiwa na mpiga gitaa na mwimbaji Paul Masvidal pamoja na rafiki yake mpiga dramu, Sean Reinert. Katika albamu yao ya kwanza, Focus, iliyotoka mwaka 1993, Masvidal aliipitisha sauti yake katika vokoda, chombo kinachoisuka sauti ya mtu pamoja na ya kinanda hadi usijue ipi ni ipi. Aliyepiga besi humo ni Sean Malone, na gitaa lake halikuwa na vile vipande vya chuma shingoni vinavyotenganisha noti, kwa hiyo sauti yake iliteleza na kulia kama fidla. Mtu akiwasikiliza mara moja, besi ile huitambua popote.

Mwaka 2020 uliwachukua akina Sean wote wawili. Reinert, ambaye wakati huo alikuwa ameshaachana na kundi, alifariki mwezi Januari akiwa na umri wa miaka 48, na Malone akafuata mwezi Desemba akiwa na miaka 50. Ascension Codes ilitoka Novemba 2021, kabla msiba wa pili haujatimiza mwaka. Dramu alipiga Matt Lynch, na kwa kweli alizipiga kwa namna ambayo wanaomjua Reinert watamsikia ndani yake. Lakini ukitafuta gitaa la besi la kushika nafasi ya Malone, hulipati: noti zote za chini zimepigwa na Dave Mackay kwa kinanda.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kinanda cha taarab ya kisasa, ambacho mimi binafsi nakipenda, hujaribu kuiga fidla, na kila kinapoiga hutukumbusha kwamba mpiga fidla hakuitwa. Besi ya Mackay haiigi kitu. Ni nene, imetulia, hutanda chini ya magitaa kama maji ya kina kirefu, wala haijaribu hata mara moja kuteleza kama alivyoteleza Malone. Mimi naisikia kama kiti kilichoachwa wazi katika baraza ambayo watu wanaendelea kuketi. Angeletwa mpiga besi hodari, na wapo wengi, tungeishia kumlinganisha na marehemu kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Siisifu albamu hii yote. Ina vipande 18 ndani ya dakika zisizofika 50, na nusu yake ni vipande vifupi vya sauti za angani, vyenye majina ya herufi na tarakimu kama Ha-144, vilivyowekwa katikati ya nyimbo kamili. Anayeisikiliza kwa kurukaruka atavichukia, na hata mimi hufika mahali, baada ya nusu ya safari, nikatamani wimbo uanze bila kubishiwa hodi. Mashairi nayo, yenye viumbe wenye mabawa na ulimwengu wa pande sita, yananipita juu ya kichwa. Ila ukiiacha ipige mfululizo, usiku, bila shughuli nyingine, vipande hivyo hufanya kazi ya taksimu, ule utangulizi wa ala moja wa papo kwa papo katika taarab, kabla ya wimbo: hukutoa ulikotoka na kukuandaa kwa unakopelekwa.

Kwa hiyo ningependa mwandishi wenu, kabla hajarudia kauli yake, aitafute albamu hii na kwenda moja kwa moja kwenye kipande cha 17, Diamond Light Body, aiache gitaa, aiache sauti ya mwimbaji, aifuate besi peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha atuandikie tena.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga