Wananchi wenye hasira? Mimi niliwaona wanacheka

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Mtwara. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji, barua yangu ndefu kidogo ila jambo lenyewe zito na nimekaa nalo muda mrefu. Kila nikishika gazeti, sio lako tu, nakuta kichwa cha habari kile kile, mtuhumiwa wa wizi auawa na wananchi wenye hasira kali. Sasa mimi niko huku mtaani, haya mambo nimeyaona kwa macho yangu, na nataka niseme wazi kwamba wale watu wengi wao hawana hasira yoyote. Wanafurahi. Hasira anayo labda aliyeibiwa na ndugu zake wawili watatu, wengine wote waliokuja mbio wakaacha shughuli zao wamekuja kuangalia, na wakiangalia wanacheka.

Sitetei wizi. Naendesha banda la video, nimewahi kuamka asubuhi nikakuta kufuli limekatwa na deki haipo, uchungu wake naujua. Lakini kazi hii imenifanya nikae miaka mingi nawatazama watu wanaotazama, na kuna kitu nimekiona nisichokisikia kwa hao wanaoongea redioni kila kukitokea mauaji.

Wao wanasema muvi za mapigano ndio zinaharibu vijana, na wazee wa mtaani kwangu wamenifuata mara kadhaa kuniambia nifunge. Wengine wanasema binadamu wa siku hizi hana huruma tena. Mimi nakataa yote mawili. Njoo ukae bandani kwangu usiku mmoja, usiangalie kioo, angalia watu. Muvi inaanza, adui anaingia kijijini na genge lake, anachoma nyumba, anamuua mama yake stelingi mbele ya mtoto. Banda linakuwa kimya. Vijana wa bodaboda, makuli wa bandarini, watu wagumu kabisa, unamuona mtu kashika mdomo, mwingine anasema kwa sauti ya chini aah jamani, mama wa watu. Hiyo ni nini kama sio huruma? Alafu baadae stelingi anamtia mkononi yule adui, ngumi ya kwanza tu banda linalipuka, watu wanasimama juu ya mabenchi, mpe! mpe! mmalize! Ni watu wale wale, hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Na muvi ambayo adui wake hakufanya unyama wa maana mwanzoni, hata apigwe vipi mwishoni watu hawashangilii, wengine wanaanza kuondoka kabla haijaisha. Kwahiyo kelele za mwisho zinatoka kwenye uchungu wa mwanzo. Kadiri walivyomlilia yule mama ndivyo wanavyoitamani damu ya aliyemuua. Huruma haikutoka bandani, ilichagua upande.

Kuna kijana anasoma chuo hapa hapa Mtwara, mteja wangu wa siku nyingi, nilimwambia hili akaniambia mbona limeshapimwa, akanionyesha kwenye simu. Mwaka 2006 mtafiti Tania Singer na wenzake kule London walitoa utafiti kwenye jarida la Nature. Waliwachezesha watu mchezo wa hela na wenzao wawili, mmoja anacheza kwa haki, mwingine anadhulumu. Baadae wakawalaza kwenye mashine inayopiga picha ubongo, huku wale wawili wako pembeni wanapigwa shoti ya umeme mkononi. Akiumizwa yule wa haki, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu ziliamka kwa anayetazama, mwanaume na mwanamke sawa. Akiumizwa mdhulumaji, kwa wanaume zile sehemu zilipoa na ikaamka sehemu inayohusika na raha, ile inayoamka mtu akipata zawadi, na kadiri mtu alivyosema anatamani kulipiza ndivyo ilivyozidi kuamka. Kwa wanawake huruma ilipungua kidogo tu. (Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba labda ni kwa sababu adhabu ilikuwa ya mwili, kwahiyo wanaume wenzangu tusihukumiwe wote kwa utafiti mmoja, japo nikikumbuka nani huwa mbele kwenye duara la watu wanaopiga mwizi sina la kubisha.)

Ila kilichoninyima usingizi ni kitu kingine. Wale wawili walikuwa waigizaji. Yule mdhulumaji aliambiwa adhulumu, alikuwa anafanya kazi aliyopewa. Hana kosa. Lakini raha ya kumuona anaumia ilikuwa ya kweli.

Sasa hamisha hiyo uilete mtaani. Bandani mtu anakaa karibu saa nzima ndio anamchukia adui, amemuona kwa macho akiua. Mtaani hiyo saa nzima haipo. Mtu mmoja anapiga kelele mwiziii, basi, neno moja linafanya kazi ya muvi nzima, mtu anayetoka dukani na mkate wake mkononi hajui kaibiwa nani, kaibiwa nini, saa ngapi, lakini moyoni tayari ana adui na yeye tayari yuko upande wa haki. Msimu wa korosho ndio mbaya zaidi maana hela ziko mikononi mwa watu, simu mpya, pikipiki mpya, kila mtu anamuangalia mwenzie kwa wasiwasi.

Msimu mmoja, kuelekea mwisho wa mwaka, walimkamata kijana karibu na kibanda changu wakisema kaiba simu. Kijana mwembamba tu, nadhani hakuwa amefika miaka ishirini. Sitaeleza walivyompiga maana kueleza nako ni kuwapa watu kitu cha kutazama. Nitaeleza waliokuwa wanatazama. Nyuma kulikuwa na watu wamenyoosha simu juu ya vichwa wanarekodi, mmoja anamgombeza wa mbele amemziba, sogea bwana sioni. Wadada wawili walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mzee mmoja ninayemheshimu, mtu wa msikitini kabisa, alikuwa anatabasamu. Kila kijana akitoa sauti ya maumivu kuna watu wanaigiza ile sauti na wengine wanacheka upya. Nilijaribu kupita na wenzangu wawili tukasukumwa tukaambiwa na nyinyi mnahusika nini. Ile difenda ya polisi ilipofika kijana alikuwa bado anapumua, na alipona. Simu sijawahi kusikia kama ilipatikana. Jioni yake klipu ikaingia kwenye grupu letu la familia la WhatsApp, grupu ambalo lina mama zetu na watoto wa darasa la sita, na chini yake emoji za kucheka mstari mzima.

Nilimhadithia katekista mmoja jirani yangu, Mkatoliki, mimi ni Muislamu ila tunaongea sana, akanipa kisa cha Mtakatifu Augustino ambaye alikuwa mtu wa Afrika, upande wa Algeria ya leo, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Augustino alikuwa na rafiki anaitwa Alypius, mtu mpole aliyechukia kabisa michezo ya Roma ile ya watu kuuana kwa mapanga mbele ya watazamaji. Siku moja wenzake wakamburuta mpaka kiwanjani, akawaambia mwili wangu mmeuleta ila macho sifungui, akafumba kweli. Mtu mmoja akaangushwa chini, uwanja mzima ukapiga ukelele. Alypius akafungua macho. Na toka hapo hakuweza kuyatoa, akashangilia kama wengine, na baadae akawa ndie anayewavuta wenzake kwenda. Kilichomshinda ni ile sauti ya watu. Hapo nikaelewa kwa nini kwangu wateja wa nje wanaingia pale tu banda likilipuka, hata muvi yenyewe hawaijui.

Mtu atauliza mbona watu wanapenda ngumi, na ngumi ni ukatili vilevile. Hassan Mwakinyo alipomsimamisha Sam Eggington kule Birmingham mwaka 2018 nchi nzima ilifurahi na mimi nilifurahi. Lakini pale kuna wanaume wawili waliokubali, wamepimwa uzito sawa, kuna refa anayeruhusiwa kusimamisha, daktari yuko pembeni, na ukishindwa unasalimiana na mwenzio. Kiu ile ile ya kutazama imewekewa uzio. Ndio maana sikubaliani na wanaotaka kufunga mabanda yetu, bandani damu ni rangi nyekundu na anayekufa kesho anaonekana kwenye muvi nyingine.

Na hili la kutazama mtu akiadhibiwa sio la vijana wa leo. Watu wa Kilwa Kivinje wanaujua Mwembe Kinyonga, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, hadharani, maana mkoloni alitaka watu waone. Na wazungu kwao pia walikuwa na tabia hiyo hiyo. Marekani, mji wa Owensboro, mwaka 1936 walikuja watu kama 20,000 kumtazama mtu mmoja anayeitwa Rainey Bethea akinyongwa. Ufaransa walikata vichwa mbele ya umati mpaka mwaka 1939, na kilichofanya serikali yao iamue kuacha kufanya hadharani ni jinsi watazamaji walivyofanya vurugu na shamrashamra pale Versailles siku ya mwisho. Yaani hata waliokubali kuua waliona aibu ya watazamaji. Sisi sheria haijawahi kuturuhusu, Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshitakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike, lakini tumewarudisha watazamaji wote kwa njia ya simu, na sasa hawahitaji hata kuwepo.

Ndio maana Mhariri nina ombi kwako na waandishi wako, hasa mnaoandika habari za mikoa yetu ya kusini. Acheni kuandika hasira. Ukiandika hasira unamwambia msomaji kwamba lilikuwa jambo la haki lililozidi kipimo, na msomaji anakaa upande ule ule waliokaa wao. Na msiishie kwenye kijana anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka kadhaa. Nendeni mkaulize alikuwa anaitwa nani, analala wapi, nani alikuwa anamsubiri nyumbani siku hiyo, alisoma wapi, na hicho kitu alichosemekana kuiba kilipatikana kwake au hakikupatikana. Nimeeleza bandani huruma inakwenda kwa yule ambaye watu wamemjua kwanza. Hawa vijana wanauawa hawajajulikana na mtu yeyote, mnaweza kutusaidia tuwajue japo baada ya kufa. Ikibidi muandike mara mbili, siku ya tukio na tena baada ya miezi mitatu. Najua kuna gharama za usafiri, mkikwama hapa Mtwara wapo watu tutawaelekeza bure.

Kwa ma-admini wa magrupu sina maneno mengi. Futeni klipu, na aliyeituma mumuulize mbele ya wote kwa nini alisimama anarekodi.

Na kwa anayejikuta pale kwenye duara na moyo wake haukubali ila anaogopa. Yule kijana wa chuo alinionyesha jaribio lingine la Marekani la mwaka 1968, la Bibb Latané na John Darley, waliingiza moshi chumbani mtu akiwa anajaza fomu. Waliokaa peke yao, watatu kati ya wanne walitoka kwenda kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa wajifanye hawauoni, alitoka mmoja tu kati ya kumi. Kila mtu anamuangalia mwenzie, akiona mwenzie katulia na yeye anatulia. Kwahiyo usidhani wote wanaocheka wanafurahia, wengine wanacheka kwa sababu wewe hujasema kitu. Sema tu, kwa sauti, kaiba nini, nani kaona? Piga 112. Ukimpata wa pili wa kuuliza hilo swali mko wawili.

Mtaani kwetu tulikaa na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda na mjumbe, tukakubaliana mtu akikamatwa anapakiwa moja kwa moja mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, hakuna kusimama njiani. Mwaka huu akakamatwa mmoja usiku, akapakiwa, mlango ukafungwa, polisi wakaja wakamchukua. Na kweli alikuwa mwizi, alikutwa na vitu vya watu, kesi ikaenda mahakamani. Lakini usiku ule watu walikuwa wameshajaa nje ya ofisi, na walipoona difenda inaondoka wakanuna, mmoja akaniambia usoni kwamba tumewanyima, amekimbia toka Chikongola na hajaona kitu. Hakuibiwa yeye, hata jina la aliyeibiwa alikuwa halijui. Huyo ndie ninayetaka waandishi wako waje waongee nae.

Msomaji wako,
Mtwara Mikindani