Chikungunya: Msituruhusie wazazi kutoka wodini mapema

Mhariri,

Tangu maji ya mfereji yaanze kuja kwa mgao, kila ua hapa Likoni una mapipa na mitungi. Humo ndimo anamozaana yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza chikungunya, homa ya virusi inayouma viungo. Kumwaga maji hakutoshi: mayai hugandia ukutani mwa pipa, yakakauka na kungoja miezi, kwa hiyo lazima kusugua kwa brashi. Tena mbu huyu huuma mchana. Chandarua cha kliniki ni kizuri kwa malaria, lakini saa nne asubuhi mjamzito hayumo kitandani, yuko uani anafua.

Lamu iliionja homa hii 2004, na sisi Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Wengi tunakumbuka viungo vilivyouma hadi kushika kikombe ikawa kazi. Habari za watoto wachanga hazizungumzwi. Kisiwani Réunion, katika mlipuko wa 2005 na 2006, akina mama waliojifungua virusi vikiwa bado katika damu, karibu nusu ya watoto wao waliambukizwa. Hata kuzaliwa kwa upasuaji hakukuwakinga. Na mtoto huyo huzaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya. Homa humshika baadaye, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba. Hukataa titi, na ukimgusa tu analia kwa maumivu. Wengine ubongo hufura, na wapo waliokuja kuchelewa kusema na kutembea.

Siku ya tatu, mzazi wa kwetu keshafika nyumbani zamani! Jirani yangu alijifungua ana homa, vifundo vya mikono vimevimba. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa panadol, kesho yake akaruhusiwa. Mtoto alipogoma kunyonya, bibi zake walisema ni chango. Ilikuwa chikungunya? Hakuna aliyempima.

Naiomba idara ya afya ya kaunti: mama akifika leba na homa na maumivu ya viungo, abakizwe wodini na mwanawe wiki nzima. Najua vitanda ni haba, nimefanya kazi humo. Basi mhudumu wa afya wa mtaa apite kwake kila siku na kipimajoto, na amwambie aendelee kunyonyesha, kwani huko Réunion virusi havikupatikana katika maziwa.

Mkunga mstaafu,
Likoni, Mombasa